Bi Dodoso na Safu ya Mwisho

Dada yangu hajui kutulia. Hata akikaa, goti linacheza chini ya meza mpaka vikombe vinalia. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa na haraka ya kwenda mahali, ila hakuna aliyemwambia ni wapi.

Miaka tisa alishona mifuko ya magodoro kwenye kiwanda tunachofanya kazi sote wawili, halafu akapandishwa ofisini kuwa karani wa wafanyakazi, kwa kuwa alijua kuandika barua isiyo na makosa na mdomo alikuwa nao. Huko ndiko alikopata ugonjwa wake. Kulikuwa na huduma ya mtandaoni ya kutengeneza fomu. Huandiki programu wala huhitaji kujua lugha ya kompyuta: unalichukua swali kwa kipanya, unaliburuta, unaliachia unapotaka, unachagua kama watu wataweka alama ya vema au wataandika maneno yao, kisha unaibandika fomu nzima kwenye tovuti ya kampuni. Alipolijua hilo, hatukupumua. Fomu ya likizo, fomu ya saizi za viatu, fomu ya kulalamikia vyoo. Nyumbani mimi nakula, yeye kashika simu anapeleka swali la tatu kuwa la tano, kisha analirudisha. Wenzetu wa karakanani wakambatiza Bi Dodoso. Alijifanya kununa, lakini siku moja nilimsikia akijitambulisha hivyo kwenye simu, tena kwa madaha.

Basi meneja akamwambia atengeneze dodoso kuhusu jambo moja: nini kinakwamisha kazi? Watu wakagoma kujibu. Mwaka uliotangulia fundi mmoja alisema ukweli kwenye kikao, na wiki iliyofuata akajikuta anahesabu mapipa ya gundi nyuma ya ghala. Ya nini kujitafutia balaa?

Dada akashuka karakanani, akapanda juu ya stuli, akapiga makofi mashine zikanyamaza.

"Jamani, hamuandiki jina. Meneja hatajua, na mimi sitajua. Naapa, mkono wangu huu."

Wakamwamini kwa sababu alikuwa wa kwetu. Watu sitini na watatu walijibu. Na mimi nikiwemo.

Jumatatu asubuhi, ikiwa imebaki kama saa moja kabla meneja hajaja kuchukua majibu, akanipigia simu. "Njoo ofisini. Usikimbie, watu wataona. Lakini njoo upesi."

Nilimkuta anazunguka meza. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimefunikwa kwa faili.

"Nimekwisha, mdogo wangu. Majina yote yamekuja."

"Yamekujaje?"

Akaeleza akiwa anatembea. Ili asianze upya, alikuwa ameinakili fomu ya likizo na kubadilisha maswali tu. Sasa, fomu ya likizo inataka kujua nani anaomba. Kwenye mipangilio yake kulikuwa na kitufe cha kukusanya barua pepe ya kila anayejibu, nacho kikaja kimewashwa vilevile. Na barua pepe zetu za kazini zina majina yetu kamili.

"Si uliijaribu kwanza?"

"Nilijaribu, ikapita! Fomu ikipita nani anarudi kuchungulia mipangilio?"

Majibu yalikuwa kwenye jedwali. Kila mtu mstari wake, maswali yakienda kulia, na barua pepe kwenye safu ya mwisho kabisa, huko mbali, ambayo huioni mpaka usogeze ukurasa. Alikuwa ameona majina mawili tu, akashtuka, akaurudisha ukurasa kushoto na kuufunika.

"Futa basi!" nikasema. Nilisema haraka mno.

"Ngoja kwanza nijue wamesema nini. Nitamjibu nini huyu mtu saa nne ikifika?"

Akaliondoa faili, akakaa, akaanza kusoma kwa sauti. Nikasimama nyuma ya kiti chake. Mtu wa tano alikuwa ameandika kwamba kazi inakwama kwa sababu meneja hulala kwenye godoro la maonyesho kila saa nane mchana, na wateja humdhania ni sehemu ya tangazo. Dada alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nahesabu mistari, maana fomu yangu nilikuwa nimeituma siku ya pili na sikujua imeangukia wapi.

Ilikuwa ya arobaini na moja.

Alianza kuisoma kama alivyosoma nyingine, kisha sauti ikawa inazama. "'Karani anatuletea fomu kila wiki na hakuna kinachobadilika. Yeye kakaa penye feni. Sisi tunakohoa. Tangu apate kiti amesahau vumbi la sponji linavyokaa kooni, na akija kwetu anashika sketi isiguse sakafu.'"

Goti lake likaacha kucheza.

Niliandika nikiwa na hasira, siku niliyokohoa mpaka nikatolewa nje, na yeye akaniletea maji huku akiniuliza kama fomu imefunguka vizuri kwenye simu yangu. Kila neno lilikuwa kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeegemea kiti chake.

"Nani huyu?" akauliza polepole.

Mkono wake ukaenda kwenye kipanya, kipanya kikashuka mpaka kwenye ule mshipi wa chini unaosogeza ukurasa. Akaubonyeza. Ukurasa ukasogea kulia safu moja. Akasita. Ikasogea ya pili. Zilibaki safu tatu nikamatwe, na sikuweza kunyoosha mkono wala kukohoa.

Nje tukasikia meneja anamsalimia mlinzi.

Dada akaruka kutoka kitini kana kwamba kimemuunguza. "Kaa wewe. Safu ya mwisho, futa. Kisha ingia kwenye fomu yenyewe, futa na kule. Mimi siangalii." Akageukia ukuta, pua karibu na kalenda.

Nilikaa. Nililiona jina langu, nikayaona na ya wengine sitini na wawili, na ninayakumbuka zaidi ya ninavyopenda. Kwa haraka nikafuta safu ya swali la mashine, nikairudisha, ndipo nikaipata yenyewe. Kule kwenye fomu nako nikafuta. Nilikuwa nimeshasimama na kikombe mkononi, kama niliyeleta chai, mlango ulipofunguliwa.

Meneja aliinamia kioo, akasoma, akafika mstari wa tano. Masikio yakamwiva.

"Nani kaandika habari za godoro?"

"Majina hayapo, bosi."

"Ukitaka utajua."

"Sijui."

"Hata kwa mwandiko?"

"Ni kompyuta, bosi. Mwandiko wetu sote ni mmoja."

Akaguna, akaendelea kushuka. Alipofika arobaini na moja akatabasamu, akamgeukia. "Na huyu aliyekutukana wewe? Hutaki kumjua?"

Nilitazama chai. Kikombe kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekiona.

"Hajanitukana," dada akasema. "Amesema kuna vumbi. Vumbi lipo."

Meneja akachapisha karatasi zake, akaondoka nazo bila kuaga.

Siku hiyo nilishona mifuko mitatu kombo na ikabidi niifumue yote. Dada alishuka karakanani kabla ya chakula, bila fomu wala simu, akasimama penye mashine za kukatia sponji mpaka nywele zikageuka nyeupe kwa vumbi. Hakuniangalia.

Jioni tulitoka pamoja kama kawaida, yeye hatua mbili mbele yangu. Tulipoupita ukuta wa kiwanda nikashindwa kuvumilia tena.

"Dada, ule mstari wa arobaini na—"

Akageuka na kuniziba mdomo kwa kiganja. Alinuka sponji.

"Nyamaza," akasema. "Niliwaahidi watu kwamba sitajua."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono wake haukuondoka mdomoni mwangu.