Halwa ya Bi Zuwena

Chekeni, lakini msinimalize. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Nizwa, na najifanya najua kila kitu.

Juzi Bi Zuwena, bibi yetu aliyekulia Unguja, alipata pesa za msaada wa serikali kwa wazee. Asubuhi ile ile akaagiza bakuli kubwa la halwa kutoka sokoni. Nikamjia juu.

"Bibi, wewe una sukari! Pesa za serikali ni za dawa na mahitaji, si za halwa!"

"Ni pesa zangu, mwanangu," akanijibu taratibu. "Na halwa ndiyo haja yangu."

Sikumsikiliza. Nikalichukua bakuli, nikalifungia kwenye kabati letu la wauguzi, eti namlindia afya. Kisha nikaonja kijiko kimoja. Halwa ya Nizwa mnaijua. Kijiko kimoja kikaita kingine.

Alasiri wakaja wageni, wakwe wapya wa mjukuu wake, mara yao ya kwanza kumzuru. Bi Zuwena amevaa nguo ya Idi, dele la kahawa liko mbele yake. Hapo ndipo akili ikanirudi: mgeni hapewi kahawa bila halwa, na yeye hakukusudia kula hata kipande.

"Mwanangu, tuletee halwa."

Nikaleta. Akafunua bakuli, akalitazama shimo la katikati, kisha akanitazama kidevuni, palipoganda lozi ya halwa.

"Jamani," akawaambia wageni, "siku hizi hata wauguzi wanapata msaada wa wazee."