Taa ya Faneli

Mume wangu ni fundi saa. Nawaambia mapema kwa sababu yeye mwenyewe angeshawaambia mara tatu, na mara ya nne angewaonyesha mkono wake wa kulia. "Mkono huu una miaka thelathini na nane kazini, haujateleza hata siku moja." Wenzake wakiamka wanasali, yeye anautazama mkono. Mimi ni fundi cherehani, nimejidunga sindano mara zisizo na idadi, na sijaona mtu anayetaka kusikia habari za mkono wangu.

Basi Jumatatu moja mkono ukapatikana na kosa. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayetembea kama bado anakagua foleni ya wanafunzi, alifika kwenye meza ya mume wangu pale barazani sokoni, akaiweka saa ya marehemu baba yake juu ya kitambaa. Wiki iliyotangulia alikuwa ameichukua hapo hapo ikiwa imesafishwa na mume wangu. Ikaanza kuchelewa, akaipeleka kwa fundi mwingine, na huyo alipoifungua akamwambia imekwaruzwa vibaya ndani.

"Umeiharibu saa ya baba yangu," Mwalimu akasema mbele ya watu. "Ninakuachia uitazame. Jumamosi utajieleza kwa katibu wa soko. Kama huna maelezo, meza hiyo apewe mwingine."

Mwenye akili angeomba radhi, yaishe. Mume wangu akaapa. Akaapa kwa mkono.

"Nitaipiga picha kwa karibu," akaniambia nyumbani. "Kila skrubu ionekane kubwa kama sahani. Wajionee wenyewe, wanyamaze."

"Kwa taa gani? Simu yako hata uso wa mtu inautia giza."

"Taa nitaitengeneza."

Hapo ndipo balaa lilipohamia kwangu. Huyu bwana hatupi kitu. Chini ya kitanda ninacholalia kuna televisheni iliyokufa zamani, redio mbili na takataka nyingine ambazo yeye anaziita akiba. Televisheni akaipasua, akatoa utepe wa taa ndogondogo uliokuwa nyuma ya kioo. Shingo ya kupindika ikatoka kwenye taa ya mezani iliyovunjika. Lenzi akaing'oa kwenye darubini ya kuchezea ya mjukuu wetu, akaibandika kwenye simu kwa gundi. Siku ya pili nikaitafuta faneli yangu ya kumiminia mafuta, sikuiona. Nikaikuta mezani kwake imekatwa mrija, taa zimepangwa duara ndani yake.

"Hiyo ni faneli yangu."

"Ilikuwa," akajibu, hata kichwa hakuinua.

Nilimcheka siku tatu mfululizo, sifichi. Alipokuwa analehemu alijichoma kidole, akanilaumu kwamba namsemesha. Sikuwa nimesema neno, nilikuwa nacheka tu. Mara akaniita nimwambie waya upi ni mwekundu na upi wa kahawia. Nikamwambia fundi wa kuuliza rangi kwa mkewe ni fundi jina. Akanuna mpaka usiku.

Picha ya kwanza ilikuwa kituko. Chuma kiling'aa chote, ndani ya saa hamkuonekana kitu isipokuwa weupe.

"Taa kali namna hiyo hata mimi ningefumba macho," nikamwambia. "Ifunike, bwana." Nikamtupia kipande cha bitana nyeupe kilichobaki kwenye gauni la mteja. Akauvalisha mdomo wa faneli, wala hakusema asante.

Ijumaa mchana akashusha pazia, akapiga tena. Nitasema ukweli hata kama ataringa: ilikuwa picha nzuri. Magurudumu, skrubu, meno yote yalionekana. Akaisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua, akatabasamu.

"Umeona? Safi kabisa. Kesho wanikome."

Nikaichukua simu. Kila skrubu ilikuwa na mikwaruzo pembeni, mipya, inang'aa, pale bisibisi ilipoteleza ikapiga chuma. Nikahesabu kumi na moja. Mtoto wa chekechea angeiona. Yeye amesimama ubavuni kwangu, anasubiri sifa.

Ndipo nikakumbuka waya mwekundu. Mimi mwanamke wa maneno, niliyemkejeli tangu siku ya ndoa, nikaishusha simu, nikamtazama macho. Iliniuma, iliniuma sana.

"Huioni?" nikamuuliza.

"Nione nini?"

Nikamweleza mmoja mmoja. Huu uko juu ya skrubu ya kushoto. Huu chini yake. Huu umekatiza gurudumu dogo. Akakaa kitandani, akauweka ule mkono chini ya paja.

"Mingapi?"

"Kumi na moja."

"Nisomee tena."

Nikamsomea tena, na tena. Kisha nikamwambia, "Ifute. Kesho sema taa iliungua. Nani atajua?" Akaitia simu mfukoni.

Jumamosi barazani palijaa, maana watu wanapenda kuona mwenzao akiadhirika. Mwalimu akashika simu wa kwanza, kabla ya katibu. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa. Akaipeleka simu mbali, akairudisha karibu.

"Mbona mimi naona safi," akasema. "Pengine yule fundi alinidanganya."

Kumbe na yeye macho yake ni yale yale ya mume wangu, na kelele zote zile. Nikamfinya mume wangu kiwiko: shukuru, twende zetu.

Mume wangu akamsogelea Mwalimu. "Si safi. Tazama hapa, juu ya skrubu ya kushoto. Na chini yake. Na hapa, umekatiza gurudumu dogo." Akaendelea hivyo hadi kumi na moja, kwa sauti ile ile ya majivuno, kwa mpangilio ule ule niliomsomea. Hakukosea hata mmoja, na hakuna hata mmoja aliokuwa anauona. Katibu akachukua simu, akatazama, akaitikia kwa kichwa.

"Mkono umeteleza, Mwalimu. Nisamehe," mume wangu akasema. Akazifunga bisibisi zake kwenye kitambaa, akamwambia katibu meza iko wazi.

Mimi nikabeba ile taa ya faneli. Baraza la soko lina ngazi tatu za kushukia. Akanishika bega, kwa mkono ule ule, tukashuka polepole.