Ng'ombe Kumi na Wawili

Nilihamishiwa Musoma mwaka ule watu walipokuwa wanarudi kutoka vitani Uganda, na wale ambao hawatarudi walikuwa wameshajulikana. Mimi ni mtu wa Newala. Kutoka Newala hadi Musoma unaivuka nchi nzima, kwa basi, kwa treni na kwa meli, na serikali ya siku zile ilipenda kutuchanganya hivyo, wa kusini aende kaskazini, wa kaskazini aende kusini, ili tuwe taifa moja. Nadhani ilifaulu. Ila hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya taifa hilo moja mtu anaweza kukaa wiki nzima bila kuitwa jina lake.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimejaa, nikaambiwa nijitafutie. Nikazunguka Nyasho jioni kadhaa, nikibisha hodi na kujibiwa na watu wasiofungua mlango zaidi ya kiganja kimoja. Hatimaye nikafika kwa mama mmoja mrefu, mkavu, masikio yametobolewa kama walivyofanya wazee wa upande wa Butiama alikozaliwa. Alikuwa anaparua samaki uani. Hakuniuliza nafanya kazi wapi wala nitalipaje.

"Umeolewa?"

"Hapana, mama."

"Una mtu?"

"Sina."

"Mama yako alizaaga wangapi?"

"Tisa. Tumebaki saba."

"Na wewe unaumwaga?"

"Homa tu, kama watu wengine."

Akanawa, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua muhogo sokoni. Nikaona huyu anaogopa mpangaji mgonjwa asije akamfia ndani, akabaki na maiti ya mtu ambaye hajui kwao ni wapi. Sikumlaumu. Akasema niingie nione.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, tofali za kuchoma, bati jipya. Sakafu ya chumba changu ilikuwa na saruji hadi katikati tu, halafu udongo. Mstari ulikuwa umenyooka kabisa, unaona hata alama ya mwiko. "Hii nyumba alijenga mwanangu," alisema. "Alikuwaga anajenga ya kuolea. Akaitwa mgambo, akaenda vita." Nikauliza saruji mbona imeishia pale. "Kwani nani amalize?" akasema, akanipa ufunguo. Chumba cha pili aliwekea magunia ya mtama, na yeye mwenyewe alilala kwenye kijumba cha nyuma, karibu na jiko. Hakuwa na mtoto mwingine, na mume alikuwa amekufa zamani.

Nikaweka kitanda upande wa saruji na jiko la mkaa upande wa udongo, nikaanza kuishi.

Sijui niuelezeje ukimya wa mtaa ule. Watu wanadhani vita ikiisha kunakuwa na ngoma. Ngoma zilikuwepo, lakini zilipita barabara kubwa. Huku kwetu kila mtu aliogopa kucheka kwa sauti, kwa sababu nyumba ya pili huenda wanasubiri mtu asiyekuja. Halafu kulikuwa na shida ya sabuni, sukari, mafuta ya taa, na mwenye robo kilo ya sukari aliifunika na kufunga mlango, asije akagongewa. Jioni nilikaa barazani nikisikiliza upepo wa ziwa ukipiga bati, na mtu akipita alinisalimia bila kusimama. Jumapili ndiyo ilikuwa adui yangu. Nilifua nguo zilizo safi. Nilisoma gazeti lililofungia dagaa, nikasoma hata matangazo ya vifo vya watu nisiowajua, nikawasikitikia. Niliyahadithia masufuria habari za ofisini, kwa Kimakonde, nisije nikakisahau. Nilikuwa mpweke, hakuna neno jingine la kuweka hapo.

Kwa hiyo mama yule aliponiletea maziwa mgando kwenye kibuyu, siku ya kwanza tu ya mwezi wangu wa pili pale, nilishika mlango nisilie mbele yake.

Baada ya maziwa ikawa samaki. Furu zilikuwa tele ziwani enzi hizo, visamaki vidogo vyenye miiba mingi, akanifundisha kuvila bila kukabwa. Halafu jioni moja aliingia chumbani kwangu, akanyanyua jiko langu la mkaa lenye sufuria juu yake na maharage yanachemka, akatoka nalo.

"Mama, unanipelekea wapi?"

"Moto miwili ya nini, uani moja? Mpangaji anapikaga kwake. Wewe njoo."

Mimi nilisikia lile "njoo" tu. Tangu siku ile nikawa napika kwenye jiko lake, nachota mtungi wake, tunakula sahani moja ugali wa mtama tukiwa tumekalia vigoda. Aliacha kuniita mpangaji, akaniita mwanangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi nilikuwa na maneno ya miezi yote niliyonyamaza, basi tulifaana.

Mwisho wa mwezi nilipompelekea kodi akaisukuma. "Weka kwanza. Tutaongea na wazee." Mwezi uliofuata vilevile. Nikajiona mjanja, nikajua sababu. Siku zile mwenye nyumba ya kupangisha aliweza kuitwa bepari na mnyonyaji hata kama sakafu yake ni nusu, na huko mijini mikubwa watu walikuwa wameshanyang'anywa majumba. Nikafikiri mama huyu anaogopa mjumbe wa nyumba kumi, na hao wazee ni wazee wa tawi. Nikamwambia kwa upole, "Mama, usiogope, chumba kimoja hakina ubepari." Akaniongezea samaki.

Siku nyingine tulikuwa tunamenya muhogo, akaniuliza kwetu mtu akioa anatoa ng'ombe ngapi.

Naomba mnielewe hapa. Newala hakuna ng'ombe. Mbung'o waliwamaliza zamani, na hata wangekuwepo, hayo maji ya kuwanywesha tungeyatoa wapi, sisi tunaoteremka bondeni kuchota ya kunywa. Kwetu mwanamume anahamia kwa wakwe zake na jembe lake, na watoto ni wa upande wa mama. Mtu wa Newala ukimuuliza habari za ng'ombe unamchekesha. Nikajibu, "Kwetu? Kumi na wawili. Na dume juu!"

Nilicheka peke yangu. Yeye aliendelea kumenya.

"Za maziwa, ama zozote?"

"Zozote, mama. Ilimradi zina pembe."

"Sawa," akasema.

Wiki hiyo akaniaga kwamba anakwenda Bunda kwa kaka yake, anayelima pamba na ndiye aliyemtunzia mifugo yake. Akaondoka na begi dogo. Ndipo nilipojua jinsi nilivyomzoea. Nilirudi kazini nikakuta jiko limepoa, nikalala na njaa kwa sababu sikuona maana ya kuwasha moto wa mtu mmoja. Usiku nilisikia mbwa wa jirani nikamshukuru. Nikajiuliza mimi ni nani kwa mama huyu hata nimngoje hivi, nikakosa jibu, nikaendelea kumngoja.

Na jambo jingine likaanza. Bombani, ambako kwa kawaida nilisukumwa nyuma ya foleni na ndoo yangu, wanawake wakanipisha. "Mpisheni mke wetu," alisema mmoja. Mwingine akanitwisha ndoo. Nilijua ni mzaha wa heshima kwa mgeni aliyezoeleka, nikafurahi kupita kiasi. Nilitembea na maji yangu kichwani nikiwa nimenyoosha shingo. Nikawaza, kumbe watu hawa ni wazuri, ni mimi tu niliyekuwa na haraka ya kuhuzunika.

Mama alirudi, na Jumapili yake wakaja wanaume wawili, mmoja ni yule kaka wa Bunda, mwingine mzee wa ukoo. Wamevaa makoti mazito kwenye jua lile. Wakaketi chumbani kwangu, kwenye upande wa saruji, mama akabaki mlangoni. Baada ya salamu ndefu kaka mtu akakohoa.

"Binti, sisi tumetumwa. Ng'ombe ziko tayari, kumi na mbili, na dume. Sasa tunaulizaga, baba yako atakuja kuchukua Bunda, ama sisi tunapeleka? Maana tumeambiwa kwenu ni mbali."

Nikaona kwa macho yangu ng'ombe kumi na wawili wakipanda treni Mwanza na tiketi zao. Nikauliza, "Ng'ombe za nini, baba?"

"Za kukuoa."

"Anayenioa ni nani?"

Wazee wakatazamana. "Ni dada yangu huyu," akasema kaka mtu, akimwonyesha mama kwa kidevu.

Yule mzee wa ukoo ndiye aliyenieleza, kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni. Kwao mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mke. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobu. Anatoa ng'ombe kama mwanamume yeyote, mke anakuja kukaa naye, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile, wanachukua jina la yule kijana aliyekufa. Mwanamume wa kuzaa naye? Nitajichagulia mwenyewe, mradi awe na adabu na asiombe kulala mpaka asubuhi. Hakuna atakayenipiga. Kazini nitaendelea kwenda. "Nyumba haiwezi kufa wakati mama yuko hai," akasema.

Niliwaomba niongee na mama peke yangu. Tukaenda jikoni, tukakalia vigoda vyetu.

"Mama, ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilikuuliza ng'ombe, ukataja. Kodi sikuchukua. Umekula kwangu. Nikuambie namna gani tena?"

Kila alichosema kilikuwa kweli.

"Hunitaki?" akauliza.

Ningekuwa mwongo nikisema swali lile halikunichoma. Nilikuwa nimemtaka kila jioni. Nilitaka kigoda kile, sahani ile, mtu wa kuniuliza mbona leo umechelewa. Lakini nilitaka kuwa mtoto wake, na yeye mtoto alikuwa ameshampata na kumpoteza. Alichobaki anakihitaji ni wajukuu. Na mimi, nikizaa, mama yangu kule Newala angedai watoto ni wa nyumba yake, na angekuwa na haki. Nikamweleza hivyo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Una mtu mwingine?"

"Sina."

"Sasa?"

"Sasa siwezi, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua jiko langu la mkaa lililokuwa limekaa pembeni siku zote hizo, akalifuta majivu kwa upindo wa kanga, akanirudishia. Hakufanya hivyo kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mwezi ule alipokea kodi. Maziwa hayakuja tena. Akaanza kuniita mpangaji.

Haukupita muda mrefu akaja kuniomba nimwachie chumba, akieleza kwa adabu kwamba amepata mtu. Alikuwa mwanamke wa rika langu kutoka kijiji cha njia ya Butiama, aliyemkimbia mume aliyekuwa akimpiga, na ndugu zake walirudisha mahari ya yule mume kwa ng'ombe wa mama, wale wale niliowataja mimi kwa mzaha. Siku ninahama alikuwa ameshafika, amekaa barazani anachambua mboga, na alikuwa na kicheko kikubwa kisichoogopa jirani. Niliona wivu, nasema wazi. Mama alinitwalia sanduku akalibeba mwenyewe kichwani hadi Kigera, nilikopata chumba kingine, chenye saruji sakafu nzima. Akalitua mlangoni, akakagua paa na kitasa, akasema, "Bati iko sawa," akaenda zake.

Sikurudi Nyasho kwa miaka. Musoma si kubwa, lakini ukitaka kutokutana na mtu utaweza. Halafu siku moja nilitumwa na ofisi upande ule, miguu ikanipeleka yenyewe. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa. Mlango ulikuwa wazi na niliona sakafu: nusu saruji kama alivyoiacha kijana, na nusu ya pili imekandikwa udongo na samadi hadi inang'aa, imelinganishwa sawasawa na ile saruji usiweze kujikwaa. Katikati pale, juu ya mstari, mtoto alikuwa amelala kifudifudi na matako nje.

Mama alikuwa amezeeka. Alinitambua kabla sijasema hodi.

"Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Hakuna aliyekuja kuuliza?"

"Hakuna."

Akamwamsha mtoto, akamsimamisha mbele yangu akiwa bado na usingizi. "Amkia," akamwambia. "Huyu ndiye angekuzaa."

Mtoto akaniamkia, nikaitikia. Yule mke akatokea jikoni akanikaribisha nile, furu zilikuwa zinanukia, vigoda viwili vimekaa palepale. Nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Nimestaafu sasa. Wachumba wengine hawakutokea, ama walitokea na wakapita bila kusimama, kama zile salamu za barazani. Katika maisha yangu yote nimeposwa mara moja tu, kwa ng'ombe kumi na wawili na dume juu, na aliyeniposa alinitaka kweli. Jioni ile ya kumwona mtoto nilirudi Kigera kwa miguu, nikawasha jiko langu la mkaa, nikapika kwangu.