Ramani ya Baba na Wifi Yangu

Jumapili ya kwanza nilipowakuta wamekaa bega kwa bega mbele ya laptopu, baba na wifi yangu, hawakunisikia nikibisha. Nilikuwa nimetoka Nyeri mjini baada ya ibada, mkononi nina mkate na nusu kilo ya nyama. Nikasimama mlangoni. Baba alielekeza kidole kwenye skrini akasema, "Rudi nyuma kidogo. Hapo. Sasa geuka uangalie penye tumetoka." Sauti ile niliijua. Ni sauti aliyokuwa akitumia na wapagazi wenzake walipokuwa wakifunga mizigo uani kwetu, hapa Naro Moru, kabla ya kupanda. Mimi sikuwahi kuongeleshwa kwa sauti ile hata siku moja.

Baba alibeba mizigo ya wapanda mlima tangu ujana wake mpaka goti lilipokataa. Mimi ni kifungua mimba wake. Nina jina la mama yake, na kwa hiyo ananiita Maitu, yaani mama yangu, kama ilivyo desturi kwetu. Ukishakuwa mama wa baba yako, unazoea kupewa kiti cha mbele. Lakini nilipokuwa kidato cha pili nilimwomba anipeleke mlimani, hata kambi ya kwanza tu, akanijibu kwamba mlima si mahali pa kutembeza watoto. Nililia nyuma ya zizi. Baadaye nikawa mwalimu wa Jiografia, nikawa nawafundisha watoto wa wenyewe mlima ule kwa chaki. Sikuomba tena.

Sasa huyu wifi. Ni mke wa ndugu yangu, binti wa Waislamu wa mjini Nyeri, na ukimuuliza kabila lake anacheka tu. Ndugu yangu anaendesha lori, haonekani wiki nzima, kwa hiyo mkewe ndiye anayekaa na mzee. Anampikia, anamkanda goti, na kwa ajili yake nyumba nzima siku hizi inazungumza Kiswahili. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, na mwenyeji ambaye ni mimi nikaugua.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani, uliokuwa umewekwa na mtu kwenye ile laptopu kuukuu. Hakuna kupigana wala kukimbia. Unaona picha ya mahali: ngazi za mawe, bustani, nyumba yenye milango mingi juu ya kilima. Unabofya upande mmoja wa picha, unajikuta mahali pengine. Hakuna anayekuambia uanzie wapi. Unaweza kwenda popote kwa mpangilio wowote, na mlango wa huku unafunguka kwa jambo uliloliona kule, ikiwa ulilitazama vizuri. Niliwakuta wana daftari. Baba alikuwa anachora.

"Maitu, karibu," akasema, bila kuinua macho. "Kuja uone. Niko na kitabu yangu ya njia."

Nikaona. Haikuwa ramani. Ilikuwa mstari mmoja mrefu unaopinda, na kila mahali pamepewa jina kama wapagazi wanavyofanya: Pale pa Maji, Pale Tuliteleza, Jiwe ya Kulia. Na kila mahali alikuwa amechora mara mbili, ukienda na ukirudi. "Njia ya kurudi ni njia ingine," alimweleza wifi yangu. "Usipogeuka kuiangalia, hutaijua." Mkaza mwana akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Mwanafunzi wangu mimi angefanya vile ningempenda. Yeye nilimchukia.

Nilijitia hamnazo, nikaenda kukata nyama.

Baada ya Jumapili nne za namna hiyo nilimwomba mwalimu wa kompyuta shuleni kwetu anitafutie mchezo huohuo. Nilisema ni wa wanafunzi. Nikakaa nao nyumbani siku za likizo fupi, na karatasi yenye miraba na penseli iliyochongwa, kaskazini juu, kama ninavyofundisha. Baada ya picha nne nilikuwa nimepotea. Ukibofya kulia, mara unageuka robo, mara unageuka nusu nzima, na kaskazini yako inabaki mdomo wazi. Bustani niliyoichora mashariki niliikuta tena magharibi. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilikumbuka maneno ya baba kuhusu kugeuka nyuma, nikakataa kugeuka, kwa sababu somo lile alipewa mwingine.

Basi nikafanya alichofanya kila mwanafunzi niliyewahi kumwadhibu. Nilitafuta majibu kwenye mtandao. Mtu fulani huko duniani alikuwa ameandika kila hatua: bofya hapa, vuta kile, ingia mlango wa tatu. Nikanakili kurasa mbili na kuzikariri kama kwaya inavyokariri nyimbo zake. Nilijiambia namfanyia baba jambo la kumfurahisha. Uongo mtupu. Nilitaka wifi anione.

Jumapili iliyofuata sikungoja hata chai ipoe. "Hebu nipe kipanya," nikamwambia wifi, naye akanipisha kwenye kiti. Nikaanza mchezo mwanzo kabisa. Ngazi, bustani, saa ya ukutani, kisima. Vidole vyangu vilijua vyenyewe. Baba alinifuata kwa daftari lake, anafunua kurasa, halafu akaacha kufunua. "Kumbe unajua hivi!" akasema, nami nikasikia utamu mwilini mote. Nikazidi kukimbia.

Nilifika kwenye mlango mwekundu ulio juu kabisa ya nyumba. Wifi akanyoosha mkono. "Wifi, huo..." Baba akamzuia kwa kiganja. Nikabofya. Mlango ukafunguka, mandhari yote ya mchezo ikaonekana kutoka juu, kila njia na kila paa, kisha skrini ikawa nyeusi na mchezo ukaisha. Chai ilikuwa bado ya moto.

"Umefika, Maitu," baba akasema. "Asante." Akachukua fimbo yake akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Jikoni, wifi alikuwa anaosha vikombe kwa nguvu isiyohitajika. Kisha akajifuta mikono, akanipa daftari, wazi kwenye ukurasa wa mwisho. Baba alikuwa amechora mlango mwekundu. Chini yake, kwa herufi zake kubwa za mtu wa darasa la nne, ameandika jina langu, ambalo ni la mama yake.

"Tuliufikia wiki tatu zilizopita," wifi akasema. "Kila kitu cha kuufungua tunacho. Nilimwambia tufungue, akakataa. Alisema mpagazi hamtangulii mgeni kileleni, anaweka mzigo kambi ya juu na kungoja. Alisema kuna mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumnyima mlima, na huo mlango ni wa mtu huyo. Alitaka akupitishe yeye mwenyewe, pole pole, pote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini, wifi? Ukija hapa unanisalimia mguu mmoja uko mlangoni."

Ningependa kuandika kwamba niliona aibu kwanza. Aibu ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Kwanza nilimwonea wivu, hata hapo, kwamba kwa wiki tatu alijua jambo la baba yangu ambalo mimi sikulijua.

Nikatoka. Baba alikuwa ameegemea ua, anautazama mlima, ingawa mawingu yalikuwa yameshaufunika na hapakuwa na cha kuona. Nikasimama kando yake. Nikamwambia tunaweza kuufuta mchezo tuanze upya, sisi wawili, au hata watatu, na daftari lake, na majina yake yote. Nikamwomba anipeleke. Ilikuwa mara ya pili maishani mwangu kumwomba.

Hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama mtu anayepima mzigo kwa mkono kabla ya kuubeba.

"Kuanza, tunaweza anza," akasema. "Lakini sasa njia yote unaijua. Nitakupeleka wapi, Maitu?"