Blanketi la Makete

Jirani yetu wa chumba cha mwisho, hapa Mbagala, akifua blanketi lake la sufu, nyumba nzima hatuna kamba. Huvua ndala, akaingia kwenye beseni na kulikanyaga taratibu, kama anayeogopa kuliumiza. Halisokoti, hulibana kwa viganja, akalianika kivulini, kisha hukaa kwenye kigoda akililinda. Nguo zetu zinasubiri ndooni. Juzi uzalendo ukanishinda.

"Shikamoo mama. Kwa joto hili, unajifunikaga kweli?"

"Marahaba. Nani ajifunike hapa?" Alicheka, akinyoosha pindo. "Nalitayarisha. Mwezi wa sita narudi kwetu Makete, kuna baridi."

Nikamsaidia kuligeuza. Mama yangu mzazi anasema naye alijibiwa hivyohivyo mwaka niliozaliwa, na sasa nina ndevu.