Nilimsomea Susu Meseji Ambazo Anko Hakuandika

Admin, naomba unifiche kabisa, hata shule usitaje, maana huku kwetu upande wa Kanyangi watu wanajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Si mtu wa kuongea. Nikiulizwa swali darasani naangalia daftari mpaka mwalimu aulize mwingine. Kuandika ndiko naweza, na hata hii nimeiandika mara nne nikifuta.

Naishi na nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi humwita susu. Hakusoma, na masikio yake yamechoka, ukimpigia simu anasikia mvumo tu. Ndiyo maana mwanawe, anko wangu aliyekuwa akiuza vitunguu kando ya barabara kuu pale Kambu, alimnunulia simu kubwa ili awe anamwandikia. Nikitoka shule susu ananiwekea chai, anapangusa kioo cha simu na leso, ananiambia, "Haya, nisomee mwana wakwa amesema nini," yaani mwanangu. Anko aliandika Kiswahili, mimi nageuza Kikamba.

Mwanzoni zilikuwa salamu. Halafu anko akaingia kanisa fulani, na siasa ikaingia pamoja naye. Asubuhi meseji kumi na tano, jioni ishirini. Siku za mwisho. Chapa ya mnyama. Ati mgombea huyu ametumwa na Mungu, yule mwingine ana mapepo, na ukikosea kura njaa itakufuata hadi wajukuu. Tuma kwa watu kumi. Nilisoma zote neno kwa neno, sikutaka kudanganya.

Siku moja ikaja hii: "Mama, toka kwa hiyo mwethya. Usishike jembe na watu wasiomjua Yesu, wa chama cha giza." Mwethya ni kikundi cha akina mama wanaochimbiana matuta ya kuzuia udongo shambani kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Anayekiongoza ni jirani yetu, nimwite Mama Zuhura. Ni Mwislamu, na kweli chama chake si cha anko. Zamu iliyofuata susu hakwenda. Nyingine pia hakwenda. Mama Zuhura akasimama pale kwa uzio akaita, "Wewe mzee, umeolewa tena hutuambii? Mbona unajificha?" Susu akacheka kidogo, akasema ni mgongo. Akaingia ndani, akakaa tu. Basi zamu yetu ikapita bila kuchimbiwa. Mvua ilipokuja, udongo na mbegu zetu zote zikateremka mtoni.

Kuanzia hapo nikawa namsomea vingine. Natazama mstari wa kwanza, nikiona mnyama au mgombea naachia hapo, natunga. "Anasema hujambo Mama. Anauliza mbuzi mweupe amezaa? Anasema rudi mwethya, usikae peke yako." Kesho yake susu alitoka na jembe begani akiimba. Majibu pia nilikuwa naandika mimi, yeye akisema. Anko akituma shetani, anajibiwa mbuzi. Nilikuwa nacheka peke yangu, Mungu anisamehe.

Muhula uliopita, siku ya Jumanne, ikaja moja ndefu sana, imeanza MAMA AMKA SAA IMEFIKA. Sikuendelea. Nikamsomea: "Mama, nimekukumbuka. Mbuzi mweupe akizaa, mtoto wa kwanza ni wako, usiuze." Susu akapiga makofi. "Mwambie nimesikia. Mwambie amezaa mapacha. Mwambie Mungu ambariki." Nikaandika, nikatuma.

Ijumaa Mama Zuhura alikuja mbio, hana viatu. Walikuwa wamempigia yeye kutoka Kambu. Anko amefia hospitalini. Kifua.

Ndipo nikafungua ile meseji nikaisoma yote. Chini kabisa, baada ya mnyama, baada ya wagombea, aliandika: "Mama, leo siku ya nne sipumui vizuri. Kesho wananipeleka nilazwe. Naogopa. Njoo unione, ama uniombee tu kwa maneno yako." Na chini yake jibu letu. Nimesikia. Mbuzi amezaa mapacha. Mungu akubariki.

Kwa mazishi mwethya ndio walipika, Mama Zuhura mwenyewe akisonga sima na macho yamevimba. Mke wa anko hakumpa susu mkono. Alinivuta nyuma ya jikoni akaniambia, "Susu yenu ana roho ya mawe. Mume wangu alisoma hilo jibu, akaiweka simu chini ya mto, hakumtaja mama yake tena. Mbuzi! Mtoto wako anakufa, unamwambia mbuzi!" Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali.

Sasa susu ananiuliza, "Yule mke wa mwanangu nimemkosea nini? Hata wajukuu hataki niwashike." Jumamosi hii anakuja, na wazee wameitwa. Anataka susu aeleze hilo jibu mbele ya watu, la sivyo watoto hawatakanyaga hapa tena.

Na kila jioni, baada ya chai, susu ananipa ile simu. "Nisomee ile yake ya mwisho." Nashika simu nasoma kitu ambacho hakipo. Jana nilichanganya, nikasema mtoto wa mbuzi ni wako. Susu akaniwekea mkono kwa goti, akanirekebisha polepole: "Hapana. Alisema mtoto wa kwanza. Alisema nisiuze." Ameishika yote kwa kichwa. Huyo mbuzi mdogo amemfungia kamba nyekundu shingoni.

Mama zangu mnaosoma ukurasa huu, Jumamosi haiko mbali na mimi nikisimama mbele ya watu sauti hupotea. Nimwambie susu kwanza tukiwa wawili, ama nimpe mke wa anko haya niliyoandika hapa ayasome mwenyewe? Na yale maneno ya chini kabisa, ya "naogopa", susu akiniambia nimsomee, nimsomee?