Zaina Amesoma Makala Yangu, na Alhamisi Atalala Chumbani Kwangu

Admin, nakuomba usionyeshe hata herufi moja ya jina langu. Nina miaka thelathini na mmoja, ni Mkenya, nimesoma hadi kidato cha nne, na huu ni mwaka wangu wa tatu nikifanya kazi za nyumbani hapa Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi. Najua wafuasi wa ukurasa huu ni wengi na wengine wako huku huku, kwa hiyo nimebadilisha majina na baadhi ya vitu. Mkinitukana nitavumilia, lakini someni hadi mwisho kwanza.

Pasipoti na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, zinasema mimi ni mwanamke. Mimi najijua kuwa mwanamume tangu nikiwa darasa la tano. Watu kama mimi huitwa transjenda. Nilikuja na karatasi nilizokuwa nazo, basi navaa abaya, nalala chumba cha wafanyakazi wa kike na kuitikia jina ambalo si langu. Tena sikio langu la kulia halisikii tangu nilipougua homa ya uti wa mgongo utotoni, na kabla sijasafiri daktari mmoja nyumbani aliniambia nina usonji. Ndiyo maana nahitaji kila kitu kikae mahali pake, na kila siku naandika shajara: tarehe, saa, kilichotokea. Nisipoandika, kichwa kinajaa kelele.

Kutokana na shajara hiyo nilianza kuandika makala. Jarida moja la mtandaoni lilichapisha ya kwanza, kuhusu madam anayeniita kutoka upande wa kulia na kudhani namdharau. Mhariri akataka nyingine, halafu nyingine. Sasa ni kazi yangu ya pili, wananilipa, na natumia jina la kubuni la kiume, nikieleza wazi kwamba hapa najulikana kama mwanamke. Kwa mara ya kwanza maishani kuna mahali ninapoitwa kaka. Msomaji mmoja aliandika, "Kaka, umesema yangu." Nililia.

Kosa langu ni hili. Mhariri alisema makala yangu ya usonji ni ya juu juu. "Nionyeshe unavyofanya kazi." Nikaeleza kwamba kila chupa ya sabuni naiandika tarehe siku ninayoifungua, na vitambaa navitenga kwa rangi, bluu vya vioo, kijani vya jikoni, njano vya choo, na mtu akivichanganya siwezi kula hadi nivipange upya. Niliipenda sana aya hiyo. Nilisahau kwamba kuna mtu ameliona kabati langu.

Huku madam na dada yake huazimana wafanyakazi kukiwa na karamu. Zaina, Mkenya mwenzangu, anafanya kazi kwa huyo dada yake madam. Ndiye aliyenifundisha Kiarabu cha jikoni, na nilipougua alinipikia uji siku nne. Aliwahi kufungua kabati lile akacheka, "Wee! Umeziandikia chupa tarehe kama watoto wa kliniki?"

Likizo ya shule familia zote mbili zilikwenda Jeddah kwa mama yao, zikatuchukua na sisi wafanyakazi. Alasiri moja huko tulipewa ruhusa ya muda wa saa tatu, dereva akatushusha mtaa wa Al-Mahjar kwa mama mmoja anayesuka nywele chumbani kwake. Tulikuwa sita. Mmoja wetu, nitamwita Mama Kevo, akatoa simu.

"Mmeona hii maajabu? Eti mwanamume anafanya kazi ya nyumba huku, na madam wake hajui!"

"Wacha! Huku Saudi?"

"Saudi kabisa. Tena kiziwi wa sikio moja."

"Aki huyo wakimshika ni halas, amekwisha."

"Yalla, soma basi, unatunyima uhondo!"

Akasoma kwa sauti. Walicheka mahali nilipolia nikiandika. Msusi akasema, "Mimi mwenyewe nikimjua nampeleka kwa kafili wake, mwajiri aliyemleta. Analala chumba kimoja na wasichana wa watu!" Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Zaina alikuwa anasukwa, kichwa amekiinamisha. Mama Kevo alipofika kwenye vitambaa vya bluu na kijani, Zaina aliinua kichwa ghafla.

"Tulia, mama, utanipindishia mstari!" msusi akamgombeza.

Hakunitazama. Dereva akapiga honi, tukatoka. Garini aliketi upande wangu wa kushoto, upande ninaosikia. Sijawahi kumwambia kuhusu sikio langu.

Siku iliyofuata akaniandikia: "Ni wewe?" Nimeandika jibu mara kumi na moja na kulifuta. Mhariri ameiondoa makala, lakini watu walishaipiga picha na inazunguka kwenye magrupu. Tumesharudi Riyadh, na kila madam akishika simu namkodolea macho badala ya kutazama ninachoosha. Nimevunja sahani mbili. Wakijua, sijui nitaanzia polisi au kwenye ndege, wala baba mwenye nyumba atanifanya nini kabla ya hapo. Pasipoti yangu anayo yeye.

Leo asubuhi madam ameniambia Alhamisi kuna wageni arobaini, na Zaina atakuja kunisaidia, alale kwangu siku mbili. Halafu akaongeza, "Ameomba mwenyewe. Mimi nilitaka yule Mfilipino wa dada yangu."

Zaina huwa anatumwa. Hajawahi kuomba kuja.

Sijui kama anakuja kunificha au kuhakikisha. Ni mtu wa dini sana, na ni mtu mwenye huruma, na sijui kipi kitaingia kwanza mlangoni. Nikikana atajua nadanganya, uso wangu haujui kudanganya. Nikikubali, maisha yangu yatakuwa mdomoni mwake, na tutalala tukitazamana.

Nyinyi mlioko huku, hasa akina dada mnaolala vyumba kama hivi, msinihurumie, niambieni tu ukweli. Akifunga mlango na kuniuliza ana kwa ana, nimjibu nini? Leo ni Jumanne.